Wasusi na mafundi: ganzi ya vidole usiku na mkono kuwaka moto, mazoezi na kuchuliwa vinatosha au ni kisu tu?

msusi_temeke

Habari za humu ndani jamani, wakubwa shikamooni. Mi ni msusi niko Temeke, nasuka tangu nimemaliza la saba, rasta, yebo yebo, twende kilioni, notlesi, zote mkono huu huu wa kulia ndo unaobana nywele kazi nzima. Sasa kama mwaka wa pili huu mkono unaninyima usingizi. Ilianza kidogo kidogo, nalala vizuri tu, ikifika saa nane saa tisa usiku nashtuka kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi halafu vinachoma choma na mkono unawaka moto kupanda mpaka kwenye kiwiko, naamka nakaa kitandani naukung'uta naukung'uta, nauning'iniza chini mpaka urudi ndo nalala tena, na saa kumi na moja tena hivo hivo. Mwanzo nilijua nimeulalia. Sasa hivi hata mchana, nikisuka zile rasta ndogo ndogo za kuchambua nywele chache chache, nikifika nusu kichwa vidole havina habari kabisa, siisikii nywele mkononi nasuka kwa macho tu, kitana kinaniponyoka, na juzi kikombe cha chai kimenitoka mkononi kikapasuka mbele ya mteja.

Nilienda hospitali, daktari akanikunja mikono akanigonga gonga hapa kwenye kifundo cha mkono akasema neva imebanwa. Akaniandikia diklofenaki na vidonge vya vitamini B, akasema zikigoma tutaongelea upasuaji. Dawa nimemaliza, maumivu yalipungua kidogo ila ganzi iko pale pale. Shoga yangu akanipeleka kwa mama mmoja anayechua, yule anaminya pale pale kwenye kifundo kwa kidole gumba chake na mafuta, kwa nguvu zake zote, anasema anafungua mshipa, nikitoka pale siku mbili siwezi hata kufungua chupa ya maji.

Sasa naomba kuuliza, kuna mtu amepona hii kitu kwa mazoezi na kuchuliwa bila kupasuliwa? Mazoezi gani na kuchuliwa wapi? Na kazi niache au? Maana watoto wanasoma na mwezi wa kumi na mbili ndo wateja wote wanakuja, siwezi kukaa nyumbani mikono mapajani.

kaka_wa_gongo_la_mboto

Pole sana dada. Mama yangu alikuwa anapaka mafuta ya nyonyo ya moto na kufunga kitambaa usiku, alikuwa anasema analala. Jaribu.

tiba_viungo_moro

Dada pole sana. Mi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, niko hospitali huku Morogoro, na wasusi, mafundi cherehani na akina mama wanaofua nguo za watu kwa mikono nawaona sana kwa tatizo hili. Kabla sijaandika marefu naomba unijibu vitu vitatu. Kidole cha mwisho kile kidogo nacho kinakufa ganzi au hapana? Ile nyama nene ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba, ukiweka mikono miwili pamoja ukalinganisha, ya kulia imepungua au ziko sawa? Na una kisukari, tezi ya shingo, au ujauzito?

msusi_temeke

Asante dokta kwa kujibu. Kidole cha mwisho hakina shida kabisa, na cha pete ni upande mmoja tu, huu ulio karibu na cha kati, nilikuwa nashangaa mwenyewe nikidhani nawaza tu. Nyama ya kidole gumba nimeangalia nimemwita na binti yangu akaangalia, tunaona ziko sawa. Kisukari walipima hakuna, ujauzito hakuna, tezi sijawahi kupima. Ila shingo na bega la kulia navyo vinauma jioni nikifunga saluni.

tiba_viungo_moro

Haya dada hujawaza tu, ulichokiona ndicho chenyewe. Nusu ya kidole cha pete kufa ganzi na nusu kuwa nzima ndo alama ambayo sisi tunaitafuta, kwa sababu pale kwenye vidole kuna neva mbili zimegawana mipaka. Gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete ni za neva ya midiani. Nusu nyingine na kidole cha mwisho ni za neva ya alna, ile ukigonga kiwiko unasikia shoti. Neva yako ya midiani ndo iliyobanwa, na inabanwa hapa kwenye kifundo, ugonjwa wenyewe madaktari wanauita kapali taneli.

Kwa ndani iko hivi. Pale chini ya kiganja kuna vimifupa vidogo vimejipanga kwa upinde, juu yake umefungwa utepe mgumu, na katikati ndo inapita njia nyembamba. Kwenye njia hiyo zinapita kano 9 za kukunja vidole, pamoja na neva hiyo moja. Kano zikifanya kazi kutwa nzima zinavimba kidogo, ala zake, yaani mifuko inayozifunika, zinajaa, nafasi inapungua, na neva ndo laini kuliko wote humo ndani kwa hiyo yeye ndo anaumia. Sasa ukikunja kifundo, iwe kwenda mbele au kurudi nyuma, msukumo ndani ya njia hiyo unapanda mara nyingi zaidi ya mkono ukiwa umenyooka. Na usiku karibu kila mtu analala amekunja kifundo, ameweka mkono chini ya shavu au chini ya mto, hajui. Damu haifiki vizuri kwenye neva, saa nane unaamka unakung'uta. Huko kukung'uta pia ni alama, tukisikia mgonjwa anasema naukung'uta tunakuwa tumeshajua nusu ya jibu.

Kwa hiyo dada, dawa ya kwanza kabisa kwako wewe siyo mazoezi wala kuchuliwa. Ni spilinti ya usiku. Ile ya kufunga mkono yenye bati au plastiki ngumu upande wa kiganja, inauzwa maduka ya vifaa tiba na famasi kubwa. Iwe inauweka mkono UMENYOOKA, usinunue ile inayoinua kiganja kwenda juu, na kama imekuja na bati lililopinda unaweza kulitoa ukalinyoosha kwa mkono ukalirudisha. Vidole vibaki huru, usikaze mpaka damu isimame. Unavaa kila usiku kwa wiki 6 angalau, ukivaa siku tatu ukasema haisaidii bado hujaipima. Ukikosa hela ya kununua wiki hii, zungushia taulo dogo kwenye kifundo ulifunge na kitenge ili tu mkono usijikunje, ni bora kuliko kulala hivi hivi.

Mazoezi naandika ujumbe unaofuata, kuna mgonjwa ameingia.

mzee_wa_ukweli

Dada usipoteze muda na hela kwenye mazoezi. Upasuaji wa hii kitu ni mdogo sana, wanachoma ganzi ya mkono tu, wanakata huo utepe, haizidi nusu saa umemaliza unarudi nyumbani. Mdogo wangu kafanyiwa, usiku huo huo kalala mpaka asubuhi. Watu wa mazoezi watakuzungusha mwaka mzima njoo kesho njoo keshokutwa.

tiba_viungo_moro

Mkuu mzee_wa_ukweli hata mimi upasuaji siupingi, ni upasuaji mzuri na unasaidia watu wengi sana. Ila kwa mtu kama dada hapa, ganzi inakuja na kuondoka, nyama ya gumba haijapungua, mkono ndo mtaji, kuanza bila kisu ni halali kabisa na si kuzungushana. Kuna utafiti ulifanyika Hispania ukatoka 2015, walichukua wanawake 120 wenye tatizo hili hili, nusu wakapasuliwa, nusu wakachuliwa na wataalamu mara 3 tu, mara moja kwa wiki, pamoja na kufundishwa mazoezi. Mwezi wa kwanza na wa tatu waliochuliwa walikuwa wanaitumia mikono vizuri zaidi ya waliopasuliwa, ikafika mwezi wa sita na mwaka mmoja wakawa sawa. Mwaka mzima, sawa. Na la kuangalia ni kwamba hawakuchua kifundo peke yake, walianzia shingoni, wakashuka kwenye misuli ya kifuani chini ya bega, mkono wa juu, mbele ya kiwiko, ndo wakaja kwenye kiganja, kwa sababu neva hiyo inatoka shingoni na njiani kote kuna sehemu inaweza kushikwa.

Ndo maana dada nilishtuka uliposema shingo na bega vinauma. Unasuka umeinama, shingo mbele, mabega juu, kutwa. Neva iliyokwisha kerwa huku juu inavumilia kidogo sana ikikerwa tena huku chini.

Haya mazoezi. Yako ya aina mbili na yote ni ya TARATIBU, hakuna zoezi la kujikaza hapa.

La kwanza ni la kano. Kaa, weka kiwiko mezani, mkono wima, vidole vimenyooka vinatazama juu. Kutoka hapo kunja vidole kwenye viungo vya mbele tu uwe umetengeneza kulabu, rudi unyooshe. Halafu funga ngumi kamili, nyoosha. Halafu kunja vidole pale mwanzo vinapotokea kiganjani lakini vyenyewe vibaki vimenyooka, inakuwa meza, nyoosha. Mwisho kama ngumi lakini ncha za vidole ziguse chini ya kiganja karibu na kifundo, nyoosha. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya mitano mpaka kumi, mara tatu kwa siku. Kazi yake ni kuzifanya kano ziteleze kila moja kwa nafasi yake, na ule uvimbe upungue.

La pili ni la neva yenyewe, hili nataka usome mara mbili. Anza kifundo kimenyooka umefunga ngumi. Fungua vidole vyote, kifundo bado kimenyooka, gumba liko kando ya kiganja. Sasa rudisha kifundo nyuma taratibu, vidole vikiwa vimenyooka. Sasa fungua gumba nje. Sasa geuza kiganja kitazame juu. Mwisho kabisa, na hatua hii wiki ya kwanza USIIFANYE, kwa mkono wa pili unalivuta gumba nyuma kidogo sana. Kila hatua shika sekunde chache halafu endelea. Ukifika hatua ukasikia ganzi inaanza au inachoma, umepita mpaka, rudi hatua moja nyuma na hapo ndo mwisho wako wa siku hiyo. Neva hainyooshwi kama misuli, inatelezeshwa tu. Watu wengi wanakuja kwangu wamezidisha maumivu kwa sababu waliona video wakavuta mpaka machozi wakidhani inavyouma ndo inavyopona.

Na nikuambie ukweli, mazoezi haya peke yake bila spilinti na bila kubadilisha kazi nguvu yake si kubwa.

Yule mama anayekuminya pale pale kwenye kifundo naomba uache. Hapo chini ya kidole chake ndo neva ilipo na nafasi haipo, anaikandamiza zaidi, ndo maana siku mbili huwezi kufungua chupa. Kuchua kunakokufaa ni kwenye nyama ya mkono wa ndani kuanzia chini ya kiwiko, mikono ya pole pole kuelekea juu, na pembeni mwa kiganja. Mtaalamu anaweza pia kuvichezesha vile vimifupa vya kifundo kimoja kimoja na kuutanua upinde, lakini hiyo inataka mtu aliyesomea.

fundi_cherehani_mwanza

Dada mimi ni fundi nguo, nakata suti na magauni ya harusi, mkasi mzito ule wa chuma ndo ulinimaliza. Mkono wa kulia nimepasuliwa, wa kushoto sijapasuliwa, kwa hiyo naweza kukuambia pande zote mbili.

Wa kulia nilitibiwa gauti muda mrefu kwenye hospitali moja, kila nikirudi naongezewa dawa za gauti, mpaka nilipokutana na daktari wa mifupa akaniambia gusisha gumba na kidole cha mwisho halafu usiniachie nivute, akavuta na kidole kimoja likaachia. Ile nyama ya chini ya gumba ilikuwa imeshabonyea pana shimo. Akaniambia hapa hatuna muda wa kusubiri. Ganzi wakachoma hapa hapa mkononi, nilikuwa macho nawasikia wanaongea, sikusikia maumivu yoyote. Usiku ule kweli kama alivyosema mzee_wa_ukweli nililala. Lakini mzee hajasema yaliyofuata, kidonda kinapona mapema ila ukiegemeza kiganja mezani panauma kwa miezi, nguvu ya kushika mkasi ilichelewa kurudi, na nyama ya gumba mpaka leo haijajaa, matundu ya vifungo vidogo ananitobolea kijana.

Wa kushoto ulipoanza ganzi ya usiku nilikimbia haraka, nikapewa spilinti na nikachomwa sindano moja ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, pale kwenye kifundo. Sindano ile ilinipa nafuu ndani ya wiki ile ile. Nimebadilisha na kazi, vitambaa vizito nakata kwa mashine, na pasi nimenunua nyepesi. Bado mara moja moja nikishona usiku kucha unarudi, navaa spilinti yangu unatulia.

tiba_viungo_moro

Fundi umeeleza vizuri sana, asante. Nyama ikishabonyea si mazoezi tena, kwa sababu neva imeanza kufa na misuli haipati amri, hapo kila mwezi unaopita unapoteza kitu ambacho huenda kisirudi hata ukipasuliwa.

Kuhusu sindano, Uingereza walilinganisha sindano moja na spilinti ya usiku, matokeo yakatoka 2018. Wiki ya 6 waliochomwa sindano walikuwa na nafuu zaidi, miezi 6 wakalingana. Kwa hiyo dada kama Desemba inakukaribia na hulali, sindano ni kitu cha kumuuliza daktari, ichomwe na anayejua maana neva iko hapo hapo.

hina_na_piko_msa

Assalam aleikum dadangu wa Temeke, pole sana. Mie ni mchoraji hina huku Mombasa, na hiyo koni ya hina sisi twaiminya kwa gumba na shahada kutwa kucha, msimu wa harusi waweza kuchora bibi harusi mikono na miguu toka asubuhi hadi usiku na bado kuna mashangazi na binamu wake wangoja. Mkono wangu ulianza nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba wangu, daktari aliniambia mimba huleta maji mwilini na yale maji hubana hapo, nikishazaa yataondoka, na kweli yaliondoka. Lakini msimu uliofuata wa Idi ukarudi bila mimba yoyote. Hapo ndipo nikajua ni kazi.

Yaliyonisaidia mie ni mambo ya kazini. Koni nyembamba niliziacha, nafunga nene yajaa mkononi, kwa sababu ukishika kitu chembamba vidole vyabana zaidi. Hina yenyewe naikoroga laini na naichuja kwa soksi ya kitambaa chepesi, ikiwa na chenga koni yaziba nawe waminya kwa nguvu zote, hapo ndipo mkono wafa. Na mkono wa mteja naupandisha juu ya mto uje kwangu, mie siuendei. Wewe kwa kusuka naona ni hivyo hivyo, kile kitana cha mkia chako chembamba kizungushie kitambaa ama mpira kinenepe. Na mteja usimkalishe chini sana ukainama, wala juu sana ukanyanyua mabega.

Halafu jingine, sisi wanawake twaona haya kumwambia mteja ngoja nipumzike. Mwambie dadangu. Mie nikimaliza mkono mmoja wa bibi harusi huinuka nikatengeneza chai, na hakuna hata mmoja aliyeniondokea.

mama_wawili_dom

Samahani dokta naingilia mada, mama yangu ana kisukari muda mrefu, yeye vidole vya mikono vinakufa ganzi lakini na nyayo pia zinawaka moto usiku anatoa miguu nje ya shuka. Na yeye hii hii? Anakunywa vitamini B kila siku anaongeza mwenyewe.

tiba_viungo_moro

Dada wa Dodoma, nyayo mbili kuwaka kwa wakati mmoja siyo kubanwa kwa kifundo cha mkono, hiyo inaelekea zaidi kuwa ni sukari yenyewe imeumiza neva za mbali mwilini. Anaweza kuwa na yote mawili, maana mwenye kisukari neva zake zinabanwa kirahisi kuliko za watu wengine. Mpeleke kliniki yake ya kisukari wamwangalie miguu, na wewe nyumbani mkague nyayo kila siku kama kuna kidonda ambacho hakisikii. Na vitamini asijiongezee. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva na inaleta ganzi hiyo hiyo anayoikimbia. Vitamini B inamsaidia yule ambaye amepungukiwa nayo, kwa mfano watu wanaotumia metfomini, ile dawa ya kisukari, miaka mingi B12 yao inaweza kushuka, muulize daktari ampime hiyo. Lakini neva iliyobanwa na utepe haiachiliwi na kidonge cha vitamini.

Na dada msusi nawe hapo hapo, diklofenaki usiinunue tena dukani ukaifanya chakula, kwa tatizo hili haisaidii sana na inakula tumbo na figo. Mwambie daktari akupime na tezi pia, tezi ikifanya kazi chini ya kiwango inaleta hili tatizo na ni kitu chenye dawa.

msusi_temeke

Jamani nimerudi, samahani nilipotea kidogo kazi zilikuwa nyingi. Kwanza nawashukuru wote, da'hina Mungu akubariki, na fundi pole kwa mkono.

Spilinti nilinunua, ilikuwa na bati limepinda kweli kama dokta alivyosema nikalinyoosha. Siku za mwanzo niliichukia, joto la Dar na ile kitu mkononi nilikuwa naamka asubuhi nimeivua nimeitupa chini sijui saa ngapi. Nikaanza kuvaa soksi nyepesi iliyokatwa vidole ndani yake ndo ikakubali. Sasa hivi usiku nyingi nalala moja kwa moja, nikiamka ni kwenda haja tu. Sikuamini.

Kwa mama wa kuchua sikwenda tena. Nimeenda kwa watu wa mazoezi hospitali ya serikali, kuna dada pale kanilaza akaanza shingoni nikamwambia dada mimi naumwa mkono, akacheka akasema najua, akanishika pale kati ya shingo na bega kidole gumba kikaanza kuchoma choma pale pale, ndo nikakumbuka maneno ya dokta humu. Kanifundisha na zoezi la kuteleza neva, hatua ya mwisho bado sijafika, nikigeuza kiganja juu tu linanitosha.

Kazini nimepandisha kiti cha mteja, nimeweka mito miwili, kichwa kinakuja usawa wa kifua changu, mabega yameshuka. Kufumua na kuchambua rasta sasa anafanya binti ninayemfundisha, mi nashika kusuka tu. Na rasta ndogo ndogo nachukua kichwa kimoja kwa siku, wa pili namwambia njoo kesho, mmoja alinuna lakini kesho yake alikuja.

Kilichobaki, kidole cha kati asubuhi kinakuwa na ganzi kwenye ncha kama saa zima ndo inaondoka, na mchana nikisuka sana inakuja. Daktari kaniandikia kipimo cha umeme wa neva, nimepangiwa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Dokta naomba kuuliza mawili, nivae spilinti na wakati wa kusuka? Na hicho kipimo kinauma? Maana nimesikia wanachoma sindano na umeme naogopa.

tiba_viungo_moro

Dada nimefurahi sana kusoma hii. Usiku kutulia ndo hatua ya kwanza, ganzi ya mchana huwa inafuata baadaye.

Kusuka na spilinti hapana. Ukiwa umefungwa kifundo halafu vidole vinafanya kazi, mkono unashindana na bati na bega linanyanyuka kufidia, jioni shingo ndo italia. Vaa wakati umepumzika, ukiwa kwenye daladala, ukiangalia tivii, na usiku kama kawaida. Kazini simama kila baada ya mistari kadhaa, teremsha mikono, fanya ule mzunguko wa kano mara mbili tatu, haichukui hata dakika.

Kipimo usiogope. Wanabandika vipande vidogo kwenye vidole na kiganja wanapitisha umeme kidogo, unasikia kama kugongwa gongwa, vidole vinaruka vyenyewe, inakera ila inavumilika. Sehemu ya sindano ni ya kuangalia misuli ya gumba, si kila mtu anafanyiwa, na ni sindano nyembamba. Siku hiyo usipake losheni wala mafuta mikononi maana vipande havishiki, na vua pete na bangili. Kama mikono yako huwa ya baridi waambie wakupashe kwanza, neva ya baridi inapitisha umeme pole pole, majibu yanaweza kuonekana mabaya kuliko yalivyo.

Majibu yakionyesha imebanwa kidogo au wastani, endelea hivi hivi tuone baada ya miezi mitatu. Yakionyesha misuli ya gumba imeanza kukosa amri, au ukiona ganzi haiondoki kutwa nzima, usisubiri Desemba ipite kwa ajili ya wateja, panga upasuaji.

fundi_cherehani_mwanza

Na chukua nakala ya majibu yako mkononi, usiache faili lote hospitali. Mi nilipoenda kwa daktari wa pili nililazimika kupimwa upya.

msusi_temeke

Sawa fundi, nitaomba nakala. Nikipata majibu nayaleta hapa.